Santuri na Mlango wa Utungo

Mwambao huuhukumu utungo kwa sikio kabla ya jicho. Ndivyo ulivyohukumiwa pia muziki wa kufokafoka. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliutwaa mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akautia maneno ya Kiswahili. Lakini mlango wa kusikika ulikuwa mikononi mwa wachezesha santuri. Radio One ilipoanza 1994, Mike Mhagama na Taji Liundi waliwafungulia vijana. Wimbi likafika bara: Arusha, mkoa wenye Endabash, kundi la X Plastaz, lililoanza 1996, likaoanisha ufokaji na uimbaji wa Kimaasai, albamu yao ya 2004 ikatolewa Ujerumani. Waliokosa mlango huo, vina vyao vilibaki daftarini, nasi hatutavisikia kamwe.