Uzi: Pesa ya chupa, kampuni na jaa la Dandora

Kila kukiwa na mkutano wa tabianchi, mabosi wa kampuni hupanda jukwaani kuongea juu ya "uendelevu". Hapa mtandaoni tunagawanyika: huyu anasema ni porojo, yule anasema mkibana viwanda kazi zitaisha. Kabla hatujarushiana maneno, wacha turudi nyuma kidogo, tena mtaani.

Kama ulikulia Jericho, Kaloleni ama Buru, unakumbuka soda ya chupa. Ulienda dukani na chupa tupu mkononi, la sivyo uache pesa ya chupa. Tupu zikaingia kwa kreti, kreti zikarudi kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena. Hakuna aliyeita hiyo uendelevu. Chupa ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ilitaka mali yake.

Plastiki ilipokuja, mambo yakageuka. Ukishalipa, chupa ni yako. Ukishaitupa, ni ya Dandora. Gharama ya kuirudisha haikuisha, ilihamishwa tu.

Na Dandora ilikuwa imelemewa kitambo. Jaa lilianzishwa miaka ya 1970 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. 2001 likatangazwa limejaa, malori yakaendelea kuja. 2007 UNEP, ambao makao yao ni hapa hapa Gigiri, walitoa ripoti: watoto na vijana 328 walichunguzwa, na karibu nusu ya waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachokubalika. (Risasi haitoki kwa chupa ya soda, tusidanganyane. Lakini kila kitu huishia na kuchomwa palepale.) Tena taka zikioza chini ya rundo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Hapo ndipo Dandora na tabianchi zinakutana.

Twende kwa juala. Serikali ilijaribu kulidhibiti 2007 na 2011, ikashindwa. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikashika, faini hadi milioni 4 ama jela. Chama cha watengenezaji bidhaa kilipinga, kikasema kazi kama 60,000 zitapotea. Mimi siwezi kucheka hoja hiyo. Wanaoamkia viwanda vya Industrial Area ni majirani zetu. Ila waliojikuta kortini baadaye walikuwemo wauza matunda, na hao hawakuwahi kutengeneza hata juala moja.

Sheria ya taka ya 2022 ndiyo inayozozaniwa sasa. Inasema mzalishaji abebe mzigo wa bidhaa yake hata ikishakuwa takataka. Kwangu hiyo ni ile pesa ya chupa, imerudi kupitia mlango wa sheria. Viwanda vinasema bei itapanda dukani. Pengine itapanda kweli. Lakini leo bili hiyo inalipwa na anayeokota plastiki na kuuza kwa kilo, na mzazi wa Korogocho anayefunga dirisha usiku juu ya moshi.

Julai 2021 mahakama iliamuru jaa lifungwe ndani ya miezi sita. Septemba 2023, wakubwa wa Afrika walipokutana KICC kujadili tabianchi, malori bado yalikuwa yanaingia Dandora.