Sauti Tatu za Blu*3 na Kiswahili cha Nyumbani Kwetu Nateete

Mama yangu alikutana na Kiswahili akiwa na umri wa miaka kumi hivi, nacho kilimjia kwa maneno mawili: panda gari. Ndivyo watu wa Kampala walivyoiita misako ya wanajeshi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote, kwa kuwa hiyo ndiyo amri waliyopewa watu kabla ya kupakiwa kwenye malori. Nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kwa Kiganda kama nataka kuwa mwanajeshi.

Darasani historia ya Kiswahili nchini Uganda huelezwa kwa amri: tangazo la Amin la mwaka 1973, marekebisho ya katiba ya 2005, uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Sikatai. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililopita mlangoni kwetu. Kilichopita ni sauti za wasichana watatu.

Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilifanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na kila nchi ikapata kundi lake. Kenya ilipata Sema, Tanzania ikapata Wakilisha, na sisi tukapata Blu*3: Lillian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cindy Sanyu. Kati ya makundi hayo, letu peke yake ndilo lililokuwa la wanawake watupu. Miongoni mwa nyimbo zao za mwanzo kuna Hitaji. Tazameni jina hilo: wasichana wa Kampala wanaanza safari yao ya muziki kwa neno la Kiswahili, wakati Waganda wengi bado wanaiona lugha hiyo kuwa ya kambi za jeshi na ya wezi.

Dada yangu mkubwa alikuwa na wimbo huo kwenye CD iliyonakiliwa kibandani karibu na steji ya teksi ya Nateete, jina limeandikwa kwa kalamu. Ilikuwa na mikwaruzo na iliruka mahali fulani. Nilikua nikidhani kuruka kule ni sehemu ya wimbo. Mama alikuwa akimenya matooke huku akiimba pamoja nao. Hakufuata sauti ya juu, ambayo kila mtu huifuata. Alishika ya kati.

Mwishoni mwa mwaka wangu wa kwanza niliupiga tena wimbo ule kwenye simu, nikamuuliza kama anajua maana ya hitaji. Alidhani ni neno la waimbaji tu. Nikamwambia ni kama okwetaaga. Akafikiri kidogo, akasema: "Hilo sikulisikia kwa wanajeshi."

Mhadhiri anaweza kunikumbusha kwamba nyuma ya shindano lile kulikuwa na kampuni ya soda iliyotaka soko la Afrika Mashariki, na kwamba biashara si mapenzi ya lugha. Ni kweli. Lakini hata kwenye ikulu ya Kabaka, Kiswahili kilifika kwa misafara ya biashara. Tena hapa jirani yetu Busega, vijana watatu wa misheni waliouawa tarehe 31 Januari 1885 wanasimuliwa kuwa walikufa wakiimba wimbo wa dini kwa Kiswahili. Mama huenda kwenye kumbukumbu yao, na hajawahi kulihusisha jambo hilo na malori.

Cindy aliondoka mwaka 2008, nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda, kisha kundi likatawanyika. Leo wenzangu hubishana nani alikuwa bora, kwa sababu wanawajua kama waimbaji wa peke yao. Mimi nadhani swali hilo haliwezi kujibiwa kwa rekodi za mwanzo. Nimevaa vipokea sauti masikioni mara nyingi nikijaribu kumtenga Cindy na wenzake pale wanapoimba pamoja, nikashindwa. Sauti zimebanana mno.

Nilimuuliza Mama sauti ile ya kati ni ya nani. Hajui. Akaiimba tu, na alipofika pale CD yetu ilipokuwa ikiruka, naye akaruka.