Mambo Msiige na Pembe za Mofwe

Novemba 1867 msafiri Mwingereza David Livingstone alifika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, kando ya maji ya Mofwe, akamkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amezuiwa huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, alikuwa amekwisha kumpiga Nsama, mtawala wa Itabwa, mashariki mwa Ziwa Mweru, na kuzoa shehena kubwa ya pembe za ndovu. Pembe za nchi yetu, ambayo leo ni Zambia, zilikwenda pwani mabegani mwa watu. Huko Unguja, mtaani Shangani katika Mji Mkongwe, utajiri wa namna hiyo ndio uliosimamisha majumba.

Mojawapo ni Mambo Msiige, lililojengwa na tajiri wa Kiarabu karibu na mwaka 1850, likitazama bahari. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene. Wenyeji husimulia kwamba chokaa ilikandwa kwa mayai yasiyohesabika, na kwamba watumwa walizikwa wangali hai ndani ya kuta ili jengo lisitikisike. Nyumba yenye kisa kama hicho haikosi kusemwa kuwa ina mizimu.

Mayai nawaachia wasimulizi. Habari ya watumwa siwezi kuipuuza, maana soko la Mkunazini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, liliuza watu hadharani mpaka Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga baada ya kushinikizwa na balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk. Haikupita miaka mingi, ubalozi huohuo ukahamia Mambo Msiige, ukakaa humo hadi 1913. Maofisa waliotumwa kuikomesha biashara ya watumwa waliandika barua zao kati ya kuta zile.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali. Mwaka 2015 ilifunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt, ikiwa imeungwa na jengo jipya ambalo ukubwa wake uliitia wasiwasi UNESCO, iliyoutambua Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2000.

Nawaomba wanaotembeza wageni Shangani: mkifika mlangoni pale, kisa cha mizimu kisimulieni pamoja na njia ya pembe, tangu kwa Kazembe hadi pwani, na wapagazi na watumwa muwataje kabla ya mayai.