Damu ya Usiku: Mwele Malecela na Siasa za Takwimu

Wazee wa Jang'ombe hawahitaji kufundishwa matende ni nini. Ng'ambo ilijengwa kwa haraka na bila ya mifereji, na kwa miongo mingi vyoo vya shimo na makaro yenye maji machafu vilikuwa ndiyo malezi ya mbu aina ya kuleksi, ambaye katika mwambao wetu ndiye mchukuzi mkuu wa minyoo ya matende na mabusha. Ugonjwa huu hauna papara. Hukaa mwilini miaka mingi kabla ya mguu kuvimba au busha kushuka, na ukishatokeza hauui. Humfanya mtu aone haya. Sisi watu wa pwani tumelifanya busha kuwa mada ya utani barazani, lakini mwenye nalo huwa hachekeshwi na utani huo.

Ni vyema kuanzia hapa, kwa sababu Dk. Mwele Ntuhiye Malecela hukumbukwa na wengi kwa siku tatu tu za maisha yake, zile za Desemba 2016. Miaka takriban thelathini iliyotangulia aliitumia kwa ugonjwa huu wa makaroni.

Alizaliwa 1963, binti wa John Malecela, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994. Jina hilo lingeweza kumfungulia milango mingi iliyo rahisi kuliko aliyouchagua. Alisoma zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu 1986, na mwaka uliofuata akajiunga na kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mkoani Tanga. Amani si mahali padogo katika historia ya sayansi Afrika ya Mashariki. Wajerumani waliweka hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na baadaye Waingereza wakahamishia huko utafiti wa malaria. Mwele aliingia katika nyumba iliyojengwa na wengine, kisha akaenda London, katika Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki, akapata shahada ya uzamili na hatimaye ya uzamivu mwaka 1995. Akarudi. Neno hili ni fupi, ila sisi tulio vyuoni tunajua ni wangapi hawarudi.

Msomaji asiyeijua kazi yenyewe aielewe kidogo. Vijidudu vya minyoo ya matende havionekani katika damu wakati wote. Mchana hujificha katika mishipa ya ndani. Usiku hutoka na kuogelea karibu na ngozi, saa zile zile ambazo kuleksi anatafuta chakula. Kabla ya kupatikana kwa vipimo vya kadi katika miaka ya 1990, aliyetaka kujua kijiji kina ugonjwa kiasi gani hakuwa na hila nyingine isipokuwa kwenda saa nne au saa sita za usiku, na taa na sindano, kugonga milango na kuomba tone la damu la kidole. Sasa fikiri ombi hilo katika mwambao huu, ambako tumelelewa na habari za mumiani, watu wanaotembea usiku kunyonya damu za wenzao. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya uvumi huu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na anatufundisha tusiucheke: ulikuwa ni namna ya watu kuzungumzia dola inayochukua bila ya kueleza. Mtafiti wa matende alilazimika kueleza kwanza, tena mlango kwa mlango, ndipo apewe tone lake. Shule hiyo ya kueleza haimo katika mtaala wa chuo chochote ninachokijua.

Zanzibar nayo ina ukurasa wake katika habari hii. Kuanzia 1988 huko Makunduchi, Caroline Maxwell na Chris Curtis, nao wa chuo hicho hicho cha London, pamoja na wenzao wa hapa, walimwaga punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zikatanda juu kama ngozi ya maziwa, mabuu ya mbu yakakosa hewa. Watu nao wakapewa dawa. Matokeo yalikuwa ya kuvutia: mbu walipungua sana, na maambukizi yakaendelea kushuka miaka kadhaa baada ya dawa kwisha. Kwa nini jambo la gharama ndogo namna ile halikuenea Ng'ambo nzima ni swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa Barazani la Wawakilishi.

Dunia ilichagua njia ya vidonge. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu, na mwaka uliofuata makampuni mawili ya dawa yakaahidi kutoa albendazoli na ivamektini bila ya malipo. Tanzania Bara ilianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na Mwele ndiye aliyeusimamia mpango huo wa taifa. Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, ilianza na mpango wake mwaka 2001, Unguja na Pemba kwa pamoja, vidonge vikipelekwa nyumba kwa nyumba na watu wa mtaa wenyewe. Kwa muda tulitajwa kuwa mfano. Aliyoongeza Mwele kwa upande wake ni msisitizo kwamba vidonge humkinga ambaye hajaugua, ilhali mwenye busha anahitaji kisu cha daktari na mwenye mguu uliovimba anahitaji kufundishwa kuuosha na kuutunza. Wengi katika shughuli hizi huhesabu vidonge. Yeye alitaka wahesabiwe na wagonjwa.

Haina maana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Wanaanthropolojia Melissa Parker na Tim Allen walikwenda Pangani na Muheza, mlangoni mwa kituo cha Amani, wakaandika kwamba watu wengi hawakuwa wakimeza dawa hizo, na kwamba taarifa rasmi zilipaka rangi nzuri kuliko hali. Morogoro mwaka 2008 ugawaji wa dawa za kichocho mashuleni ulizusha ghasia za wazazi. Nayataja haya kwa makusudi. Takwimu isiyopendeza haiwachukizi watawala peke yao; wafadhili nao wana namna zao za kuikunjia uso.

Mwaka 2010 Mwele alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR. Mwaka 2015 alijitokeza kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, akiwa mmoja wa makada zaidi ya arubaini waliochukua fomu. Aliyeteuliwa alikuwa John Magufuli.

Tarehe 15 Desemba 2016 alizungumza na waandishi wa habari juu ya utafiti wa taasisi yake: kati ya watu 533 waliopimwa, 83, yaani asilimia 15.6, walikutwa na zika. Wizara ikatoa tamko kwamba Tanzania haina mlipuko wa zika. Hazikupita siku tatu, Rais akatengua uteuzi wake. Ikulu haikutaja sababu.

Kwa mwanafunzi wa epidemiolojia hapakuwa na mgongano. Virusi vya zika vilitambuliwa Uganda mwaka 1947. Kuvikuta katika damu za majirani ni jambo la kutarajiwa, na kuonekana kwa maambukizi katika sampuli si kutangaza mlipuko. Wizara ingeweza kusema hayo kwa sentensi mbili na mkurugenzi akabaki kazini. Wapo wanaohoji kama alifuata taratibu za kutoa taarifa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila taratibu hujadiliwa kwa barua. Utenguzi wa usiku mmoja uliwafundisha watafiti wote nchini somo jingine, na walilielewa.

Yaliyofuata yalikuwa ya ukoo mmoja. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kiasi cha kumtia hatiani anayezipinga takwimu rasmi. Benki ya Dunia ikapiga kelele, na mwaka 2019 ikalegezwa. Mei 2020 Rais alidai papai na mbuzi vimekutwa na korona, na Dk. Nyambura Moremi, mkuu wa Maabara ya Taifa, akasimamishwa kazi. Hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, nayo ikabaki hivyo kwa zaidi ya mwaka. Sisi wa Visiwani hatuhitaji kukumbushwa Februari 2021, pale Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikwisha kutangaza kuwa anaugua korona, alipotutoka katika nchi ambayo kwa mujibu wa takwimu zake haikuwa na mgonjwa mpya hata mmoja.

Wakati huo Mwele alikuwa Geneva. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimchukua Brazzaville, na mwishoni mwa 2018 likampa idara nzima ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Ramani ya dunia ya kupambana na magonjwa hayo hadi 2030 ilizinduliwa Januari 2021 chini ya uongozi wake. Alifariki huko Geneva tarehe 10 Februari 2022, akiwa na miaka 58, na salamu za rambirambi zikamiminika pia kutoka nchi iliyomwona hafai kuongoza taasisi yake.

Togo imethibitishwa kuutokomeza ugonjwa wa matende tangu 2017. Sisi bado. Makaro ya Jang'ombe yapo, kuleksi hajahama, na utaratibu wa sasa ni kuwapima watoto wa miaka sita na saba kwa kipimo cha haraka ili kujua kama maambukizi yamerudi. Atakayekisoma kipimo hicho ni kijana ambaye leo yumo darasani kwetu, na kisa cha Desemba 2016 anakijua siku kwa siku, ingawa hakimo katika mtihani.