Kapsuli ndogo za mbolea na dawa: ganda lake linakwenda wapi?

Ukiweka yurea ya kukuzia kwenye shamba la mteremko kule Kinole, na usiku ikanyesha mvua kubwa, asubuhi sehemu ya fedha yako imeshateremka mtoni. Upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na yurea huyeyuka kama sukari kwenye chai. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Wataalamu wanakadiria kwamba, kwa dunia nzima, karibu nusu ya naitrojeni inayowekwa mashambani haichukuliwi na mazao: nyingine huruka hewani, nyingine huingia kwenye maji. Na maji ya Uluguru ndiyo yanayolisha Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, pamoja na Bwawa la Mindu linalotegemewa na mji wa Morogoro.

Hapa tunaeleza njia moja ya kupunguza upotevu huo, yaani kufunga mbolea au dawa ndani ya kapsuli ndogo. Ni punje ya mbolea au tone la dawa lililovikwa ganda jembamba. Maji yakipenya polepole, kilichomo hutoka kidogo kidogo kwa wiki au hata miezi, mmea unapokihitaji. Kapsuli za dawa huwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kile kitabu cha risiti kinachonakili bila karatasi ya kaboni kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Nyuma ya karatasi kuna kapsuli ambazo kalamu huzipasua. Maganda ya mwanzo yalikuwa ya jelatini na gundi ya migunga, vitu vinavyooza.

Mambo yalipofika shambani, viwanda vingi vilichagua plastiki kwa sababu inadumu. Hapo ndipo shida ilipoanza. Huko Japani, wakulima wa mpunga walitumia kwa miaka mingi mbolea iliyovikwa plastiki. Mbolea ikiisha, maganda matupu huelea, hutoka majarubani na maji, hufuata mito na kutupwa ufukweni. Mwaka 2022 ushirika wa wakulima na vyama vya watengeneza mbolea wa huko walitangaza lengo la kuachana nayo ifikapo 2030. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023: kapsuli za plastiki isiyooza zitakoma kwenye mbolea Oktoba 2028 na kwenye viuatilifu Oktoba 2031. Ruvu yetu nayo humwaga maji baharini, karibu na Bagamoyo.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta maganda yanayoliwa na vijidudu vya udongo. Malighafi zake si ngeni kwetu: wanga wa muhogo au mahindi, magamba ya kamba na kaa, na mwani. Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, ambayo huganda kama jeli ikikutana na chumvi ya potasiamu au kalisi. Ukichanganya mbolea na uji wa namna hiyo, kisha ukaudondosha tone kwa tone kwenye maji ya chumvi hiyo, unapata shanga laini zenye mbolea ndani. Ugumu uko kwenye kuzizuia zisinyonye maji na kufumuka mapema mno, na kwenye bei.

Neno "linaoza" nalo lina mtego. Kuna plastiki ya wanga wa mahindi iitwayo polilaktiki. Kwenye mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi huoza vizuri, lakini kwenye udongo wa kawaida inaweza kukaa miaka. Joto hubadilisha pia kasi ya mbolea kutoka. Kapsuli ileile itamaliza mbolea mapema zaidi kwenye tambarare za Ngerengere kuliko kwenye baridi ya Bunduki.

Kwa upande wa dawa, wafugaji wa nyuki wasikilize hapa. Katika miaka ya 1970 Marekani ilianza kutumia dawa ya wadudu ya kapsuli zenye ukubwa wa chavua. Nyuki walizibeba hadi mzingani pamoja na chavua, na sumu ikaendelea kuua huko ndani. Kwa hiyo ganda linalooza halifanyi sumu iwe salama, na dawa inayotoka polepole inahitaji uangalifu zaidi kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kwa mkulima wa kabichi wa Mgeta, sisi tunaona faida ya haraka bado iko mkononi mwake: kugawa yurea mara mbili au tatu, kuifukia badala ya kuitupa juu, na kutunza matuta. Ni kazi ileile ya kapsuli, kwa jembe.

Ukikutana na mbolea ya kapsuli kwenye duka la pembejeo, uliza ganda ni la nini na linaoza kwa muda gani kwenye udongo, si kwenye mboji. Hakikisha mbolea imesajiliwa na TFRA, au kiuatilifu na TPHPA. Ikiwa ni mbolea, baada ya mavuno chota udongo, koroga kwenye ndoo ya maji, uache utulie. Maganda matupu, kama yapo, utayaona yanaelea.