Historia ya Maziwa ya Chupa na Joto Lake



Baada ya taarifa za kazi na hesabu za fedha, yafaa tuweke hapa maneno machache juu ya mtoto mchanga asiyeweza kupata ziwa la mama yake, ama kwa kuwa mama amefariki, ama ni mgonjwa, ama kazi ya mjini humtenga naye mchana kutwa. Mtoto huyo huachwa mikononi mwa bibi au shangazi, naye mlezi huuliza: Maziwa yawe na moto kiasi gani? Historia yatufundisha kwamba yako majibu mawili. Upo moto wa kuua vijidudu, na upo uvuguvugu wa kumpendeza mtoto. Palipofikiriwa huu wa pili peke yake, watoto wengi walizikwa.

Kumlisha mtoto kwa chombo si jambo la jana. Huko Bavaria, Ujerumani, vimechimbuliwa katika makaburi ya watoto vyombo vidogo vya udongo vyenye mdomo mwembamba, vya zamani kupita miaka 2,400. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba ndani yake mna mabaki ya maziwa ya wanyama.

Katika karne ya 19 matumizi ya chupa yalienea sana Ulaya. Uingereza na Ufaransa ilipendwa chupa yenye mpira mrefu, ambayo mtoto aliweza kuinyonya peke yake akiwa amelala. Maziwa yalikaa humo saa nyingi yakiwa vuguvugu, wala mpira ule haukusafishika ndani. Watoto wakaharisha na kufa, hata watu wakaziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizikataza kwa sheria mwaka 1910. Tuangalie vema jambo hili: uvuguvugu uliompendeza mtoto ndio huohuo uliovilea vijidudu.

Mwanga ulipatikana kwa Mfaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba divai huharibiwa na vijidudu, na kwamba joto huviua. Mwaka 1886 Franz von Soxhlet wa Munich alitengeneza chombo cha kuchemshia maziwa ya watoto yakiwa ndani ya chupa zao. Mwaka 1893 Nathan Straus alifungua mjini New York kituo cha kuwapa maskini maziwa yaliyotiwa moto. Mwaka uliofuata Daktari Léon Dufour alianzisha huko Fécamp, Ufaransa, kituo kilichoitwa Tone la Maziwa. Hapo watoto walipimwa uzito, na mama aliyekosa maziwa alipewa chupa za siku nzima zilizokwisha kuchemshwa na kufungwa. Hivyo kazi mbili zilitengwa: kwanza moto mkali wa kusafisha, kisha joto dogo la kunywesha.

Lakini biashara ilikuwa imetangulia. Mwaka 1867 Henri Nestlé alianza kuuza chakula cha unga cha watoto huko Vevey, Uswisi, na baadaye maziwa ya kopo yakafika Asia na Afrika, kwenye nyumba nyingi zisizo na maji safi wala kuni za kutosha. Mwaka 1939 Daktari Cicely Williams alitoa hotuba Singapore na kuiita "Maziwa na Mauaji", akilaumu desturi ya kuwaachisha watoto ziwa kwa ajili ya kopo. Mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Mwaka 2007 Shirika hilo lilitoa mwongozo ulio wazi. Maziwa ya unga, hata kopo likiwa jipya, yaweza kuwa na vijidudu. Kwa hiyo maji yachemshwe, na unga utiwe maji yakiwa hayajapoa chini ya digrii 70. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Lakini hayo nayo yatosha. Kisha chupa ipozwe upesi katika maji baridi hata ifikie joto la mwili, yaani digrii 37 hivi. Mlezi adondoshe tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: likiwa vuguvugu, si la moto, mtoto anywe. Yasiyonyweka katika saa mbili yamwagwe.

Mtoto mzima hadhuriki kwa maziwa yaliyopoa kidogo. Hudhurika kwa maziwa yaliyokaa. Anayetengeneza maziwa jioni akayaweka katika thamosi mpaka usiku wa manane anarudia kosa la chupa ya mpira mrefu. Thamosi safi na iwekwe maji yaliyochemka, na maziwa yatengenezwe mtoto anapolia.

Ziwa la mama halihitaji kuni wala kipimo, nalo ndilo la kwanza. Lakini mtoto aliyelikosa ni wetu sote. Wazee wanapokutana kwenye matanga ya mama aliyeacha mtoto mchanga, pamoja na mchango wa sanda na jeneza, waulize pia: Nani atachemsha maji usiku?