Fundo la Wavu, Fundo la Sumaku

Huko Rumonge, mji wa ziwani nchini Burundi, wavu wa samaki aina ya sangala uliochanika hushonwa ufukweni mchana. Mshonaji hukata kwanza nyuzi zilizolegea mpaka tundu lipate kingo safi, kisha hupitisha sindano ndani ya jicho, huizungusha nyuma ya nyuzi mbili na kuvuta hadi fundo likaze. Uzi wa nailoni unateleza. Fundo ambalo lingeshika vizuri kwenye pamba hufunguka lenyewe, hivyo huongeza zungusho la pili. Anajua kwamba umbo peke yake halishiki kitu. Msuguano wa uzi ndio unaomaliza kazi.

Huko Ulaya fundo lilitazamwa kwa namna nyingine. Mwaka 1867 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alidai kwamba atomu ni mizunguko iliyofungana ndani ya etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga zote, na rafiki yake Peter Guthrie Tait akaanza kuorodhesha mafundo. Etha haikuwepo, hisabati ya mafundo ikabaki. Humo ncha za uzi huunganishwa, uzi hauna unene wala msuguano, na fundo haliondoki mpaka ukate.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tony Skyrme, Mwingereza, alitumia wazo la ukoo huo kueleza chembe za kiini cha atomu. Leo jina lake limo katika skirmioni ya sumaku: katikati mishale ya usumaku wa atomu inatazama chini, ukingoni inatazama juu, na baina yake inageuka taratibu mpaka kila upande umetazamwa. Mwaka 2009 watafiti wa Munich walizitambua katika fuwele ya manganizi na silikoni.

Husemwa mara nyingi kwamba topolojia, hisabati ya maumbo kama ya mafundo hayo, inailinda skirmioni, kana kwamba haifi. Naona mshonaji wa Rumonge yuko karibu zaidi na ukweli. Sumaku halisi ni atomu zenye nafasi kati yake: skirmioni inaweza kusinyaa mpaka mishale michache ipinduke na yote ifutike, au ikatoka kupitia ukingo wa utando wa sumaku, kama fundo linavyotolewa kupitia ncha. Mwaka 2013, huko Hamburg, skirmioni ziliandikwa na kufutwa mojamoja kwa ncha ya hadubini, juu ya tabaka la paladi na chuma, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kinachozishika ni kizuizi cha nishati, nacho kina kipimo.

Wanaoziiga kwenye kompyuta hutumia mlinganyo wa usumaku wa Landau na Lifshitz wa 1935, uliorekebishwa baadaye na Gilbert, na hugawa utando katika vyumba vidogo, kila kimoja na mshale wake. Ukubwa wa chumba una umuhimu sawa na ukubwa wa jicho la wavu. Skirmioni ikisinyaa ikawa ndogo kuliko chumba, inapenya na kutoweka, na hapo umepima wavu wako, hujapima samaki.

Skirmioni huundwa pia kwa nuru, na huko hata kizuizi cha nishati hakipo. Mwaka 2018 watafiti wa Technion, Haifa, waliunda safu ya skirmioni kwa mawimbi yanayotambaa juu ya dhahabu yakikutana kutoka pande sita. Mishale yake ni ya uga wa umeme. Mawimbi yakikoma, umbo limekwisha. Lakini ukichelewesha baadhi yake kidogo tu, safu nzima inasogea. Kwenye sumaku kwa kawaida hutumiwa mkondo wa umeme, na hata hivyo skirmioni hukwepa ubavuni badala ya kuufuata moja kwa moja, ikielekea ule ukingo inakoweza kufia.